Nyota Iliyofika Kabla ya Saa Yake

Msomaji wangu, kabla hujajiegemeza vizuri, nakuapia: sura hii yote ni kweli tupu, neno kwa neno. Sikutia chumvi hata chembe. Pakikukolea mahali, ujue palikolea penyewe kabla habari haijanifikia. Waulize wote wanaonifahamu kama mimi ni mtu wa kuongeza mambo. Mke wangu tu ndiye usimuulize, ana shughuli nyingi.

Basi. Ilikuwa Ijumaa, saa tatu asubuhi, na Fundi alikuwa anapanda ngazi za jengo la watafiti wa nyota, sanduku la zana mkononi na sentensi moja kichwani. Sentensi yenyewe alianza kuitunga Jumanne. Ilisema: "Daktari, leo sikuja kwa ajili ya feni." Maneno machache, lakini kila alipolifikia hilo la mwisho ulimi uligeuka ubao.

Daktari aliyekuwa anamwendea hakuwa daktari wa watu. Alikuwa daktari wa nyota, jambo ambalo mtaa wao ulikataa katakata kulielewa. Jirani akiumwa goti, alibisha hodi kwake. Akimweleza kwamba yeye husomea mwanga wa nyota, jirani alijibu, "Sawa, mwanangu, lakini litazame tu." Basi alilitazama. Na magoti mengine, kusema haki, yalipona.

Walijuana miezi miwili nyuma, feni kubwa ya kusimama ya chumba cha kompyuta ilipoanza kulia kama mbuzi aliyekabwa. Fundi aliitwa, akaitengeneza kwa dakika saba. Kosa lake ni kwamba aliitengeneza vizuri mno. Alipoinua kichwa akamwona Daktari amesimama mlangoni, kalamu imechomekwa kwenye nywele na nyingine mdomoni, akisema, "Yaani imenyamaza kabisa? Wewe ni mganga!" Fundi akatambua, na jasho likamtoka, kwamba feni nzima haihitaji fundi. Akainama tena kana kwamba amesahau kitu, akalegeza skrubu moja nusu mzunguko.

Baada ya siku mbili akaitwa. Tangu hapo feni ile ikawa mgonjwa wa kudumu.

Sasa, ukishatengeneza feni lazima uijaribu, na kuijaribu kunataka soketi. Chumba kile kilikuwa na soketi nyingi, zote zimejaa kama viti vya harusini. Fundi alitafuta plagi isiyo na cheo. Nyuma ya meza, chini kabisa, palikuwa na kisanduku cha kijivu kilichojaa vumbi, kina kitaa chekundu tu, kama kitu kilichosahauliwa na mwenyewe. Akawa anachomoa hicho, anachomeka feni, na akimaliza anakirudisha. Mtu mstaarabu.

Daktari asipokuwepo, kuijaribu feni kulichukua dakika tano. Akiwepo, kulichukua dakika ishirini na tano.

"Ni lazima tuisikilize, Daktari," Fundi alisema siku ya kwanza. "Feni ina tabia ya kudanganya mwanzoni."

"Kumbe! Kama watu."

"Kama watu kabisa."

Wakaketi, kiti kando ya kiti, wanaisikiliza. Upepo ulimpeperusha Daktari kitambaa cha shingo kikamgusa Fundi bega, na Fundi hakupumua mpaka kikarudi kwao.

Kikwazo kilikuwa baba. Baba yake Daktari alikuwa mkuu wa stesheni ya treni kwa miaka thelathini na moja, na hata baada ya kustaafu hakuna aliyemwita kwa jina lingine ila Mzee Ratiba. Mzee huyu alikunywa chai kwa saa, alipiga chafya kwa saa. Wiki mbili kabla ya Ijumaa hiyo, Fundi alikuwa amealikwa nyumbani ajitambulishe, saa kumi alasiri. Alifika saa kumi na dakika kumi na saba, pancha ya baiskeli. Mzee Ratiba alimpokea mlangoni, saa ya mfukoni ikining'inia kidoleni.

"Kijana," alisema, "treni imeshaondoka."

Akafunga mlango. Ikabidi Shangazi, aliyekuwa ameipanga ziara ile bila kumwambia Daktari, aingilie kati. Huyu ni dada yake Mzee Ratiba na pia, kwa sababu ambazo nimezisahau, ni mke wangu. Alimsema kaka yake siku tatu mfululizo mpaka akapata nafasi ya pili: Ijumaa hii, saa kumi.

"Na si kumi na dakika moja," Mzee alionya. "Nikimnyima mara ya pili, nimemnyima moja kwa moja. Asije tena hata kama nyumba inaungua."

Ndiyo maana shati la Fundi siku hiyo lilikuwa limenyooshwa mpaka linaogopesha. Alitaka kwanza apate neno la Daktari mwenyewe asubuhi, kisha jioni aliendee lango la baba. Alibisha hodi, akameza mate, akafungua mdomo.

"Daktari, leo siku—"

"Njoo uone! Njoo, njoo, njoo!"

Alimshika mkono wa shati kwa vidole vitatu, akamvuta hadi kwenye skrini. Fundi aliviangalia vile vidole. Sentensi ya Jumanne ikayeyuka.

"Unaiona hii?" Daktari alikuwa anaonyesha mstari unaopanda na kushuka kama migongo ya ngamia. "Hii ni nyota yangu. Inapumua. Ikivimba mwanga unapanda, ikisinyaa unafifia, karibu mara mbili kwa siku, bila kuchoka. Nyota za namna hii ziko maelfu. Sasa nisikilize. Tuseme huko mbali kuna watu."

"Watu?"

"Viumbe wenye akili. Wanataka kutuambia wapo. Watawasha taa gani sisi tuione huku? Haipo. Lakini nyota imeshawaka tayari! Wanachohitaji ni kuigusa kidogo tu, ipumue kabla ya wakati wake. Leo iwahi kidogo, kesho iwahi sana. Fupi, ndefu, ndefu, fupi. Yeyote anayezitazama nyota kama hizi, popote alipo, ataona."

"Kama dereva anapiga honi."

Daktari akamgeukia, macho yanang'aa. "Kama honi! Wanafunzi wangu nimewaeleza wiki nzima, wewe umeelewa kwa dakika moja."

Fundi alitabasamu hadi masikioni. "Na hiyo nyota wanaigusa na nini? Ngazi wanayo?"

"Hatujui. Cha muhimu ni kwamba," hapo alishusha sauti, mdomo karibu na sikio lake kabisa, "wameigusa."

"Nani?"

"Wao! Darubini yetu hujiendesha yenyewe usiku wakati sisi tumelala, na mimi asubuhi nasoma picha zake. Miezi miwili sasa. Siku nyingi nyota inafika kileleni sawasawa na saa yake. Halafu, tazama: tarehe nne, imewahi dakika ishirini na tano. Tarehe sita, dakika tano. Tarehe tisa, ishirini na tano. Tarehe kumi, ishirini na tano tena. Hakuna nyota inayofanya hivi kwa hiari yake!"

Fundi aliendelea kutabasamu, ila tabasamu lilianza kukaa peke yake usoni. Tarehe nne aliikumbuka. Ndiyo siku ya kitambaa cha shingo. Tarehe sita Daktari alikuwa mkutanoni, na yeye akafunga skrubu akaondoka kama mtu aliyetoka mazishini. Tarehe tisa walicheka mpaka wakaulizwa na chumba cha pili kama kuna usalama.

"Na tarehe kumi na tatu," alisema polepole, "dakika tano."

Daktari akashtuka. "Umejuaje?"

"Nimebahatisha." Tarehe kumi na tatu Daktari alikuwa na mafua, hakuja kazini. "Zote ziko ngapi?"

"Ishirini na tatu. Ndefu kumi na nne, fupi tisa."

Fundi akaliweka sanduku la zana sakafuni. Aliinama chini ya meza. Kitaa chekundu kilimkonyeza.

"Daktari, hiki kisanduku ni cha nini?"

"Hicho? Ndiyo saa ya darubini. Kila picha inayopigwa, hicho ndicho kinaigongea muhuri wa muda."

"Kikikosa umeme?"

"Betri yake ilikufa zamani. Kingesimama, halafu kiendelee pale kilipoishia, kimechelewa, mpaka alfajiri kompyuta kuu ikirekebishe. Lakini nani akikoseshe umeme? Kila mtu humu anajua hakiguswi."

"Kila mtu," Fundi alirudia.

"Saa nane namwambia Mkurugenzi na ukumbi mzima. Baba anakuja, amekwishavaa tangu alfajiri. Fundi, maisha yangu yote watu wananiuliza natafuta nini huko juu. Leo nitawajibu." Akamtazama vizuri, kichwa kimeinama upande kidogo. "Nilitaka uwe wa kwanza kujua. Sijui kwa nini. Ulikuwa unataka kusema nini ulipoingia?"

"Feni," alisema Fundi. "Nilitaka kusema feni iko vizuri."

Akatoka akiwa amesahau sanduku la zana.

Kwenye ukumbi wa chini Shangazi alikuwa ameshafika, saa tano nzima kabla ya wakati, apate kiti cha kuonekana. Fundi alijiangusha kando yake.

"Shangazi, mtu akivunja kitu cha mtu anayempenda, afanyeje?"

"Sahani?"

"Kubwa kidogo."

"Kabati la vyombo? Yesu na Mtume, lile la kioo?"

"Nyota, Shangazi."

Shangazi alimtazama kuanzia kola hadi viatu. Fundi akamweleza yote, skrubu, plagi, dakika tano na dakika ishirini na tano. Alipomaliza, Shangazi alikuwa ameuma kiganja kuzuia kicheko, machozi yanamtoka.

"Nikinyamaza hakuna atakayejua," Fundi alisema. "Saa kumi nakwenda kwa Mzee, napewa jibu. Nikisema, nimemvunjia kazi yake na amenifukuza. Na Mzee naye ndiyo basi."

"Wewe, nani kakuambia hakuna atakayejua?" Kicheko kilikuwa kimekwisha. "Njia ya mwongo fupi. Kuna wenye darubini nyingine, hawana feni wala hawana wewe. Wiki ijayo wataitazama hiyo nyota waone inafika kwa saa yake. Huyo mtoto atachekwa dunia nzima, na wewe utakuwa umeketi kando yake unajua. Ukimwambia sasa atakasirika. Ukinyamaza, siku atakayojua hutakuwa na pa kusimama."

"Atanichukia."

"Atakuchukia, ndiyo. Kapande ngazi."

Akapanda, akashuka, akapanda tena. Saa sita kasoro robo alisimama mbele ya Daktari, ambaye alikuwa anajaribu hotuba yake mbele ya feni kwa kukosa hadhira.

"Nina la kusema," Fundi alianza, "na nakuomba usinishike mkono wa shati."

Alisema yote, macho chini, kama mtoto anayesoma barua ya mwalimu kwa mzazi. Alipofikia kisanduku cha kijivu, kalamu ya Daktari ilianguka.

"Unatania."

"Laiti."

"Mara ishirini na tatu umechomoa saa ya darubini."

"Niliona ina vumbi."

"Vumbi! Mimi nina vumbi? Ungenichomoa mimi?"

Alijitupa kwenye kiti, akaanza kupekua picha kwa hasira, vidole vinagonga vitufe kama mvua juu ya mabati. Kwenye pembe ya picha zile zile kulikuwa na nyota nyingine, ndogo, jozi iliyokuwa ikizibiana mwanga kwa zamu, ambayo alikuwa haijali kwa sababu haikuwa na jipya. Akaipima. Tarehe nne, imewahi dakika ishirini na tano. Tarehe sita, dakika tano.

Akaipima tena, jibu likawa lile lile.

"Nyota yangu na hii ya pembeni hazijuani," alisema mwishowe. "Moja haijui mwenzake yupo. Na zote mbili zimewahi siku ile ile, dakika zile zile. Nyota haziwezi kupatana hivyo. Saa ndiyo iliyochelewa. Na hili nililifundisha mwenyewe, Fundi! Nimesimama mbele ya darasa nikasema, ukiona ajabu kwenye nyota, muulize jirani yake kwanza. Mimi sikumuuliza. Nilitaka sana iwe kweli." Akageuka, macho yamejaa. "Miezi miwili naamka na furaha. Nimeandika barua ya kuwasalimu. Nimewasalimu watu wa mbali, kumbe nakusalimu wewe!"

"Nisamehe."

"Na feni? Mbona feni moja iharibike mara ishirini na tatu?"

"Nilikuwa nalegeza skrubu."

"Kwa nini?"

Fundi alizitazama skrubu za feni.

"Toka."

Alichukua sanduku lake. Alipofika mlangoni akasimama, amempa mgongo.

"Daktari, zile fupi ni siku ambazo hukuwepo. Kuijaribu feni kunataka dakika tano. Hizo zilizobaki zilikuwa kwa ajili yako."

Hakusubiri kuambiwa mara ya pili.

Saa nane ukumbi ulijaa. Mkurugenzi, bwana mwenye miwani miwili, mmoja wa kusomea na mmoja wa kuutafuta ule wa kwanza, aliketi mbele. Mzee Ratiba alikuwa kando yake, saa ya mfukoni gotini. Shangazi alikuwa katikati kabisa. Fundi alisimama nyuma karibu na mlango, kama mtu anayengoja basi.

Daktari alipanda jukwaani. Angeweza kusema anaumwa. Angeweza kusema uchunguzi unaendelea, kauli iliyowaokoa wengi. Fundi alimwona anaikunja hotuba yake mara mbili na kuiweka chini.

"Nimewaita niwaambie kwamba kuna mtu ametutumia ujumbe kupitia nyota," alisema. "Mtu huyo yupo. Tatizo ni kwamba anakaa hapa hapa mjini."

Akaeleza kosa lote bila kulipunguza: mstari, dakika, nyota jirani aliyesahau kuiuliza, saa iliyokuwa inachomolewa. Mahali pa mchomoaji alisema tu "mtu wa matengenezo", na hakumtazama.

"Mtu gani huyo?" Mkurugenzi aliuliza. "Lazima tumjue."

"Kosa la kutolinganisha ni langu, Mkurugenzi. Mimi ndiye—"

"Ni mimi," alisema Fundi kutoka nyuma.

Vichwa vyote vikageuka. Mkurugenzi akabadili miwani.

"Wewe! Mara ishirini na tatu? Hiyo feni ilikuwa na ugonjwa gani?"

"Feni haikuwa na ugonjwa, Mkurugenzi."

"Sasa mgonjwa nani?"

"Huyo huyo unayemwona!" Shangazi alipaza sauti, na ukumbi ukaanguka kicheko.

Mkurugenzi alingoja kitulie. Alikuwa amekasirika, lakini alikuwa amezeeka katika kazi hii. "Daktari," alisema, "ningeweza kukufungia darubini. Lakini umejikamata mwenyewe kabla hatujakamatwa na wenzetu, na umekuja kulisema hapa. Endelea na nyota zako. Saa inunuliwe betri. Na hiyo feni," akatazama nyuma, "iondolewe, tununue mpya yenye dhamana ya miaka kumi."

Moyo wa Fundi ukashuka miguuni. Miaka kumi!

Hapo ndipo Mzee Ratiba aliposimama. Ukumbi ukawa kimya. Mzee alitembea hadi kwa Fundi, machozi yakimchuruzika mashavuni, akaitupa saa yake ya mfukoni sakafuni ikavunjika vipande, akamkumbatia kijana na kulia kwa sauti: "Mwanangu! Mapenzi hayana ratiba!" Watu wakasimama wakapiga makofi, Daktari akashuka jukwaani mbio, na wakati huo huo, kupitia dirishani, ile nyota ikaonekana angani, ikamemeta mara tatu, ndefu, ndefu, nd

"Nyota saa nane mchana?"

Huyo ni mke wangu, amesimama nyuma ya kiti changu. Sijui tangu lini.

"Ilikuwa nyota kali," nikamwambia.

"Na kaka yangu alie? Kaka yangu, avunje saa? Mimi nilikuwepo. Wewe hukuwepo hata, ulikuwa nyumbani unaumwa na uvivu. Andika ilivyokuwa. Hukumu yako nitakutajia ukimaliza."

Basi, msomaji, nimeshikwa. Hivi ndivyo ilivyokuwa.

Mzee Ratiba alisimama, akatazama saa, akasema, "Saa nane na dakika arobaini. Miadi yetu ni saa kumi." Akaenda nyumbani.

Fundi alikuwa mlangoni kwake saa tisa na nusu, amesimama juani, anangoja. Saa kumi ilipogonga, mlango ukafunguliwa. Waliketi wao wawili na Shangazi. Daktari hakuwepo, alikuwa amejifungia chumbani na alitangaza kupitia mlangoni kwamba mtu huyo hamjui.

"Kumi na nne mara ishirini na tano," Mzee alianza, bila salamu. "Ni saa tano na dakika hamsini. Umekaa na binti yangu saa tano na dakika hamsini. Mlikuwa mnafanya nini?"

"Tulikuwa tunasikiliza feni, Mzee."

"Saa tano na dakika hamsini. Feni."

"Ndiyo, Mzee."

"Ambayo ilikuwa nzima."

"Nzima kabisa."

Mzee Ratiba alikaa kimya. Shangazi anasema ukimya ule ulitosha kupika maharage. Kisha Mzee akaigeuza saa kiganjani, akaitazama mgongo.

"Mimi na marehemu mama yake," alisema, "tulikaa kwenye benchi la stesheni mwaka mzima kabla hatujaoana. Kila Jumapili alasiri. Nilimwambia tusikilize, treni inakuja. Akawa anasikiliza." Akakohoa. "Jumapili alasiri hapakuwa na treni. Ratiba niliandika mimi."

Kutoka chumbani, nyuma ya mlango, ilisikika kama mtu ameangusha kitabu.

"Alijua, Mzee?" Fundi aliuliza.

"Aliniambia siku ya kumzaa huyo. Alijua tangu Jumapili ya kwanza." Mzee akasimama. "Upande wangu njia iko wazi. Lakini kauli ni ya mwenye nyota, na mwenye nyota amekasirika. Nenda kangoje. Kungoja unaweza, nimeona."

Fundi alingoja siku kumi na moja. Hakupiga simu, hakupita mtaa ule. Alitengeneza mafeni ya watu kwa dakika saba saba na kuyaacha yamenyamaza. Siku ya kumi na mbili, saa nne asubuhi, simu yake ikalia.

"Fundi."

"Daktari."

"Feni mpya imeletwa."

"Ina shida gani?"

"Haina shida. Inazunguka vizuri."

"Inapiga kelele?"

"Hata kidogo."

"Sasa nije nitengeneze nini?"

Alimsikia anapumua.

"Hakuna kilichoharibika," alisema Daktari. "Njoo tu."

Kutoka karakana ya Fundi hadi jengo lile ni mwendo wa dakika ishirini kwa baiskeli, mlima mtupu. Alifika kwa dakika nane.

"Acha!" mke wangu amesema sasa hivi, kichwa juu ya bega langu. "Dakika nane, mlima ule? Umeanza tena."

"Hii ni kweli! Mlinzi ndiye aliyenihadithia, na Daktari mwenyewe alitazama saa!"

"Wewe ambaye umeonyesha watu nyota mchana?"

Nimeapa kwa kila ninachokipenda. Hakuna aliyenisikia. Naandika mstari huu wa mwisho nimesimama, pasi ya moto mkono wa kulia, mashuka kumi na mawili ya hukumu yangu yananingoja kwenye kiti, na walahi zilikuwa dakika nane.